Daku, Sinia na Simu: Uchambuzi wa Kisa cha Ushauri wa Lishe wa Mbali katika Mwezi wa Ramadhani

Kisa hiki kinamhusu mama wa miaka 58, mkazi wa kisiwa cha Pate katika kaunti ya Lamu, ambaye ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa muda wa miaka 9, na ambaye alipewa ushauri wa lishe kwa njia ya simu kabla ya Ramadhani ya mwaka 1445 Hijria, iliyoingia Machi 2024, na kuendelea nao mpaka baada ya Idi. Maelezo yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa, na wala jina lake, la mshauri wake au la kituo kilichomhudumia hayatatajwa. Nimekichagua kwa sababu kinagusa swali ambalo wengi katika kazi yetu hulijibu haraka mno, nalo ni hili: simu inamnyima mshauri kitu gani hasa? Jibu la kawaida ni kwamba inamnyima uso wa mgonjwa. Maoni yangu, baada ya kupitia kumbukumbu za mazungumzo haya yote, ni kwamba kinachokosekana zaidi ni kipimo. Mgonjwa akiwa mbele yako, neno "kidogo" lina mkono unaolionyesha. Kwenye simu neno hilo hilo linaweza kuwa na maana ya upawa mmoja au nusu ya sufuria, na mshauri asipotafuta njia ya kulipima, ushauri wake wote unajengwa juu ya kitu asichokijua.

Hali ilivyokuwa

Mama huyu alikuwa akitumia dawa mbili za vidonge, metformini na glibenklamaidi. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi ni jambo jingine, kwa kuwa huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, mtu awe amekula au hajala, na nguvu yake hudumu kwa saa nyingi. Kwa mfungaji hiyo ndiyo hatari yenyewe. Daktari aliyemwona mwezi wa Shaaban alimpima, akazungumza naye kuhusu ruhusa aliyonayo mgonjwa ya kutofunga, ruhusa iliyomo katika Suratul Baqara aya ya 184 na 185, na alipoona kwamba mama ameazimia kufunga kama alivyofunga miaka yote, akapanga upya dawa zake: kipimo kamili cha glibenklamaidi wakati wa futari, nusu yake wakati wa daku, na metformini igawanywe kwa nyakati hizo mbili. Kisha akampeleka kwa mshauri wa lishe.

Mshauri huyo alikuwa bara. Kutoka Pate kwenda kumwona kulihitaji kwanza boti, na safari za boti za upande ule hupangwa kwa kujaa na kupwa kwa maji, kwani mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vyema maji yakipwa. Mtu akikosa boti amepoteza siku nzima, na nauli pamoja na mahali pa kulala ni gharama ambayo familia ya wavuvi haiwezi kuibeba kila wiki. Haikuwa na maana, basi, kulinganisha ushauri wa simu na ushauri wa ana kwa ana kana kwamba mama alikuwa na uwezo wa kuchagua baina ya hayo mawili. Alichokuwa nacho mkononi ni simu au kutoshauriwa kabisa.

Simu yenyewe ilikuwa ndogo ya kawaida, ile inayoitwa kabambe, na ilikuwa ya mwanawe wa kiume. Mjukuu alikuwa na simu janja, lakini bando lake lilikuja na kuondoka.

Simu ya kwanza

Mazungumzo ya kwanza yalifanyika siku kumi kabla ya mwezi kuandama. Mwana wa mama alipokea, akaweka spika, na kwa sehemu kubwa akajibu yeye. Mama anakula vizuri. Sukari ameacha. Dawa anakunywa. Mshauri aliandika kwenye faili kwamba majibu yote matatu yalikuwa mazuri na kwamba hakuna hata moja aliloweza kulitumia, na nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu angeweza kuyapokea, akasoma orodha ya vyakula vinavyofaa, na kuhesabu kazi kuwa imekwisha.

Badala yake aliomba ruhusa ya kupiga tena, na akauliza ni saa ngapi mama huwa jikoni na simu inaweza kubaki kwake. Akaambiwa ni baada ya swala ya adhuhuri, mwana akiwa amepumzika. Siku ya pili yake alipopiga, swali la kwanza baada ya salamu lilikuwa: "Mama, uko na nani hapo, na sauti yangu anaisikia nani?" Swali hilo lilifungua mlango. Mama alikuwa peke yake na mkaza mwana wake, na bila mwanawe kusikia alisema kwamba chai ya jioni haiendi bila sukari, kwamba kaimati za Ramadhani yeye ndiye mpishi wake na huonja kila kundi linalotoka kwenye mafuta, na kwamba mwaka uliopita alipata kizunguzungu mara kadhaa saa za alasiri na hakumwambia mtu kwa kuchelea kukatazwa kufunga.

Hapa pana jambo ambalo mafunzo yetu hayalisisitizi vya kutosha. Ofisini mshauri hufunga mlango, na faragha inakuwa imepatikana. Kwenye simu mlango uko upande wa pili wala hauuoni. Kumwuliza mgonjwa ni nani anayesikia, na kuwa tayari kukata na kupiga saa nyingine, ni sehemu ya matibabu sawasawa na kuuliza dawa anazotumia.

Chupa, bakuli na upawa

Mshauri alianza na njia ya kawaida ya kukumbuka chakula cha saa 24 zilizopita, akipita mara ya kwanza kwa kuorodhesha tu, mara ya pili kwa kuuliza vilivyosahaulika kama vinywaji na vitafunio, na mara ya tatu kwa kiasi. Kwenye kiasi ndiko alikokwama. Mama alisema anakula wali wa nazi "bakuli moja, si jingi". Bakuli la namna gani? "La kawaida."

Suluhisho lilikuwa chupa ya maji ya nusu lita, kitu ambacho karibu kila nyumba inacho. Mkaza mwana aliombwa aijaze maji, kisha aimimine kwenye bakuli analotumia mama mpaka lijae, huku simu ikiwa sikioni. Bakuli lilimeza karibu chupa nzima. Wali ukijaa bakuli kama hilo bila kulundikwa huwa si chini ya gramu 350, na kwa kuwa gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga wa takriban gramu 28, mama huyu alikuwa akipata karibu gramu 100 za wanga kwenye mlo mmoja kabla ya kuhesabu chai, tende wala kaimati. Kisha wakapima upawa: chupa ilijaa kwa pawa nne, yaani upawa mmoja ni kiasi cha mililita 125. Tangu siku hiyo maneno "bakuli", "kidogo" na "kawaida" yaliondoka katika mazungumzo yao, na kipimo kikawa ni upawa wa nyumba ile.

Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu kazi hiyo ilichukua muda mfupi na bila yake hakuna lolote ambalo lingefaa. Wapo wanaodhani kwamba ushauri wa mbali unahitaji kwanza programu yenye picha za vyakula na mahesabu. Programu hizo ni nzuri kwa mwenye simu ya kuzibeba, lakini picha ya sahani iliyopigwa mji mwingine haiwezi kumwambia mama wa Pate upawa wake una ujazo gani.

Palibaki tatizo la sinia. Nyumbani kwa mama huyu wanawake na watoto hufuturu pamoja, na chakula huwa kimoja mbele yao wote. Mtu anayekula kwenye sinia hajui alikula kiasi gani, na hata akijua hawezi kumweleza mtu kwenye simu. Pendekezo la kwanza la mshauri, kwamba mama apakuliwe kwenye sahani yake, lilikataliwa palepale: "Mwanangu, nitengwe kama mgonjwa wa kuambukiza, Ramadhani?" Hakubisha naye. Alimwuliza mkaza mwana, ambaye ndiye mpakuaji, sinia linaandaliwa vipi, na wakakubaliana kwamba wali wa upande wa mama upakuliwe kwanza, pawa mbili, mbele ya mahali anapoketi, na upande huo huo kiwekwe kipande kikubwa cha samaki na mboga, kisha ndipo sehemu za wengine zifuate. Mama ale kilicho mbele yake, jambo ambalo ni adabu ya kula pamoja hata bila kisukari. Hakuna aliyetengwa na kipimo kikapatikana. Ushauri huu haungeweza kutolewa kwa mgonjwa peke yake. Aliyeshika upawa alikuwa mtu mwingine, na simu ilimfikia akiwa palepale kwenye sufuria.

Mengine yalipangwa kwa wepesi. Futari ianze kwa maji na tende 1 au 2, na hapa mshauri aliuliza ni tende gani, kwa sababu tende ya wastani ina wanga wa gramu 5 au 6 ilhali moja kubwa ya aina ya Medjool inakaribia gramu 18. Uji usitiwe sukari. Mihogo ya nazi na wali visikutane kwenye mlo mmoja. Kaimati zisizidi 2, na kuonja kufanywe na mkaza mwana. Kwa daku, mkate wa mofa wa mtama pamoja na mbaazi, yai au samaki, na maji ya kutosha, kwa kuwa Machi ni mwezi wa joto kali pwani na mfungaji mwenye sukari ya juu hupoteza maji mengi kwa mkojo. Mkate wa mtama na mbaazi humeng'enywa polepole kuliko mkate mweupe na chai, na mama alifurahi kusikia chakula cha zamani kikisifiwa.

Kabla ya kuagana waliweka makubaliano juu ya kufungua. Mwongozo wa pamoja wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na muungano wa DAR, unaoshughulikia kisukari na Ramadhani, unaelekeza kwamba mfungaji afungue mara moja sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikizidi 16.6, au akijisikia vibaya hata kama hajapima. Mama alikuwa na shaka iwapo kujidunga kidole kunabatilisha saumu. Mshauri hakujipa mamlaka ya kutoa fatwa. Alimwomba amwulize mwalimu wa msikiti wake, na jibu lilirudi kupitia kwa mwana kwamba hakubatilishi. Glukomita, yaani kifaa cha kupimia sukari ya damu, ililetwa na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, mmoja wa wale waliokabidhiwa mikoba ya vifaa baada ya serikali ya Kenya kuzindua mpango huo Septemba 2023. Vijiti vya kupimia vilikuwa vichache, hivyo wakachagua nyakati zenye faida kubwa: katikati ya mchana, alasiri, na saa mbili baada ya futari, kwa kupokezana siku.

Alasiri ya siku ya tisa

Saa 10 na dakika 40 alasiri mkaza mwana alibip, na mshauri akapiga mara moja. Mama alikuwa anatetemeka na jasho la baridi lilikuwa linamtoka. Glukomita ilisoma 3.4.

Mshauri alimwambia afungue. Mama alikuwa na akili zake, na alijibu kwa sauti ya chini kwamba adhana haiko mbali. Zilikuwa zimebaki karibu saa mbili. Mshauri hakumhubiria. Alimkumbusha makubaliano yao, akamwambia kwamba siku hii italipwa na mwili hautalipwa, kisha akamgeukia mkaza mwana: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu gilasi ya maji, koroga, mpe anywe yote. Mkaza mwana alikuwa ameshika kipande cha halua. Mshauri alimzuia, kwa kuwa samli iliyomo kwenye halua huchelewesha sukari kufika kwenye damu, na wakati ule dakika zilikuwa na thamani. Kiasi kile cha sukari ni takriban gramu 15, na kanuni ni kupima tena baada ya dakika 15 na kurudia ikiwa bado iko chini.

Katikati ya dakika hizo mtandao ulikatika. Mshauri alituma ujumbe mfupi wenye sentensi tatu: apime saa 11 kasoro dakika 5, ikiwa chini ya 3.9 apewe maji ya sukari tena. Akishindwa kumeza asipewe kitu mdomoni, apelekwe kituoni. Ujumbe ulifika kabla ya mtandao wa sauti kurudi. Kipimo cha pili kilikuwa 4.2, na mama akapewa mkate na yai.

Kwa dawa nyingine hapo pangekuwa mwisho wa hatari. Kwa glibenklamaidi sivyo, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa nguvu ya dawa ikiwa bado mwilini. Mshauri aliwasiliana na daktari jioni hiyo hiyo, daktari akaagiza kidonge cha futari kiachwe usiku huo, na mama akapimwa baada ya isha na tena kabla ya kulala. Mshauri mwenyewe hakubadilisha dawa, na ni vizuri msomaji aone mpaka huo. Sheria ya mwaka 2007 ya wataalamu wa lishe nchini Kenya inampa kazi yake na uwanja wake. Dozi ya dawa haimo humo, na umbali wa simu hauongezi mamlaka ya mtu, hata anapokuwa yeye tu ndiye anayepatikana.

Kwa nini ilitokea

Siku ya pili yake mshauri alipiga saa ya adhuhuri kutafuta chanzo. Katika simu tatu zilizotangulia mama alikuwa ameulizwa kama anakula daku na kama anakunywa dawa alivyoelekezwa, na mara zote alijibu ndiyo. Hakusema uongo hata mara moja.

Daku alikuwa anakula, lakini alikuwa anaila saa 7 usiku, baada ya taraweh na kabla ya kulala, ili asiamshwe tena. Nayo ilikuwa chai na kipande cha mkate wa sinia, kwa kuwa mofa huokwa mapema na wenye nyumba huimaliza kwenye futari. Kutoka saa 7 usiku mpaka magharibi ni zaidi ya saa 17, ilhali mshauri alikuwa amepanga chakula chake akidhani ni kiasi cha saa 13 na nusu. Na kuhusu dawa, mshauri alimwomba mkaza mwana achukue bahasha ya vidonge na asome kilichoandikwa juu yake. Akasoma: "moja, mara, mbili." Kituo kilichotoa vidonge kilikuwa kimeandika 1×2 kama miezi yote, na maelekezo mapya ya daktari yalikuwa yametolewa kwa mdomo tu. Familia ilifuata bahasha. Mama alikuwa anakunywa kidonge kizima pamoja na chai ya saa 7 usiku.

Tuangalie maswali yenyewe. "Unakula daku?" ni swali ambalo Mwislamu mcha Mungu atalijibu kwa ndiyo, na heshima kwa mtu aliyepiga simu kutoka mbali kwa gharama yake inalifanya jibu hilo kuwa rahisi zaidi. Ana kwa ana jibu kama hilo huja na kusita au macho kwenda pembeni. Kwenye simu huja safi. Kwa hiyo swali la simu lazima liombe kitu ambacho hakiwezi kujibiwa kwa ndiyo: ulikula saa ngapi, ulikula nini mwanzo na nini mwisho, nani alikuandalia, kilibaki nini. Na pale inapowezekana lisiombe kumbukumbu kabisa, liombe kitu kilichoko nyumbani kishikwe mkononi na kisomwe, kama ile bahasha. Ninaamini hili ndilo lililo la thamani kuliko yote katika kisa hiki. Mgonjwa anayekwenda kliniki mara nyingi huiacha bahasha nyumbani. Simu ilimkuta mama akiwa na bahasha yake, upawa wake, bakuli lake na mpishi wake, na mshauri anayejua kuvitumia ana mengi mkononi kuliko mwenzake wa ofisini.

Marekebisho yalifanyika siku hiyo hiyo. Daktari alizungumza na mwana moja kwa moja, na maelekezo yakaandikwa upya juu ya bahasha kwa kalamu ya wino mzito, mshauri akisoma na mwana akirudia neno kwa neno. Kuhusu saa ya daku, mshauri alitumia hoja ambayo mama aliikubali mara moja: kuchelewesha daku na kuharakisha futari ni sunna. Aliyekuwa anaona kuamka saa 10 na nusu usiku ni usumbufu aliopewa na watu wa hospitali aliona sasa ni ibada aliyokuwa akiipunguza. Mkaza mwana aliweka mkate wa mofa wa daku kwenye chombo chenye mfuniko kabla ya futari kuandaliwa.

Picha na faragha

Mjukuu alipopata bando alituma picha mbili za sinia kupitia WhatsApp. Mshauri alikuwa ameomba kijiko kiwekwe kando ya chakula ili ukubwa ulinganishwe, na picha ipigwe kwa pembe badala ya moja kwa moja kutoka juu, kwa maana kutoka juu kina cha chakula hakionekani. Picha ya kwanza ilionyesha jagi la sharbati ya embe ambalo hakuna aliyewahi kulitaja, kwani katika hesabu za nyumba nyingi kinywaji si chakula. Hilo lilikuwa na faida. Lakini pembeni mwa picha alionekana pia binti wa nyumba akiwa bila mtandio, na mshauri aliifuta papo hapo, akamweleza mjukuu sababu, na akaomba zinazofuata zipigwe chakula kikiwa bado jikoni.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Katika mazoea ya kila siku, hata hivyo, picha na vipimo vya wagonjwa hukaa kwenye simu binafsi za watoa huduma pamoja na picha za harusi, na simu hizo huazimwa na watoto. Mshauri huyu alikuwa na daftari la faili ambako alihamishia alichokihitaji na kukifuta kwenye simu. Ni kazi ya ziada wala hailipwi, nami sioni namna ya kuikwepa.

Yaliyobaki nje ya uwezo wa simu

Uzito ulipimwa na mhudumu wa afya ya jamii, mwanzoni na mwishoni mwa mwezi, kwa mizani ileile, na haukubadilika kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Miguu aliiangalia yeye pia. Hali ya figo haikujulikana katika muda wote huo, kwa sababu kipimo chake cha damu kilihitaji safari ya mjini, na hili ni pengo kubwa kwa mtu anayetumia glibenklamaidi, dawa ambayo figo zikidhoofika hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Simu haikuweza kuliziba. Ilichoweza ni kumfanya mwana apange safari hiyo mapema, mara tu baada ya sikukuu.

Baada ya siku ya tisa sukari ya alasiri haikushuka tena chini ya 3.9 katika siku zilizopimwa. Vipimo vya baada ya futari, vilivyokuwa 15 na zaidi siku za mwanzo, vilikuwa 11 au 12 wiki ya mwisho. Hivyo bado viko juu. Mama alifungua siku moja nyingine, katika kumi la mwisho, alipojisikia kichefuchefu, na safari hiyo alifungua mwenyewe na kupiga simu baadaye kutoa taarifa.

Wiki moja baada ya Idi aliuliza kuhusu sita za Shawwal, zile funga za hiari za mwezi unaofuata Ramadhani. Mshauri alimjibu kwamba jambo hilo lisubiri majibu ya figo na mazungumzo na daktari, na kwamba zile siku mbili anazodaiwa zina haki ya kutangulia kuzungumzwa. Mama alikubali kusubiri. Boti ya mwana na mama ilipangwa kwa Jumatano ya wiki iliyofuata, maji yakiwa yamejaa asubuhi, na mshauri akaandika maelekezo ya barua ya rufaa aliyoisoma kwenye simu, mwana akiinakili: orodha ya dawa kama zinavyotumiwa sasa, vipimo vya siku ya tisa, na ombi kwamba maelekezo yoyote mapya yaandikwe kwenye bahasha.